Jordan wa Birmingham: uchambuzi wa msimu mmoja katika ligi ya chini ya besiboli

Wengi wetu tunamjua Michael Jordan kwa viatu, kwa jezi namba 23 na kwa mataji sita ya kikapu aliyoipa Chicago, matatu huku na matatu kule. Katikati ya mataji hayo kuna msimu mzima ambao jina lake halionekani popote kwenye orodha za NBA. Mwaka huo, 1994, alikuwa Alabama, kusini mwa Marekani, amevaa namba 45 ya timu ya besiboli ya Birmingham Barons, akilinda upande wa kulia wa uwanja wa nje na kusafiri kwa basi na vijana ambao wengi wao alikuwa amewazidi umri kwa miaka minane au zaidi. Alimaliza msimu na wastani wa upigaji wa .202: katika kila zamu 100 za kupiga, mara kama 20 tu pigo lake lilimfikisha salama kwenye besi, vile vituo vinne ambavyo mpigaji huvizunguka ili kupata pointi.

Kwa anayeijua besiboli, namba hiyo inasomeka kama hukumu. Mwaka huohuo wapigaji wa Ligi Kuu kwa jumla walikuwa kwenye .270 hivi, na mchezaji anayekaribia .200 kwa kawaida hutafutiwa mtu wa kumpokea. Ndiyo maana hadi leo msimu ule hutajwa kwa kicheko: nyota aliyekwenda kujaribu kazi isiyo yake akaumbuka. Mimi naona namba hiyo imesomwa kivivu. Ukiupanga msimu wake mwezi kwa mwezi, ukaweka na mahali alipoanzia, unapata picha nyingine.

Kijana wa Wilmington

Jordan alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 17 Februari 1963, akakulia Wilmington katika jimbo la North Carolina. Nyumbani kwao besiboli ilitangulia kikapu. Baba yake, James Jordan, ndiye aliyeupenda mchezo huo na kumfundisha, na mwaka 1975, akiwa na miaka 12, kijana alitangazwa mchezaji bora wa jimbo katika mashindano ya watoto. Alikuwa mrushaji, na asiporusha alicheza uwanja wa nje. Aliendelea nao hadi sekondari ya Laney, lakini kikapu kilimpa nafasi ya chuo kikuu, kisha Chicago Bulls mwaka 1984, na glovu ikawekwa kando. Mechi yake ya mwisho ya ushindani ilikuwa 1981. Baadaye tutauona uzito wa miaka hiyo 13.

Juni 1993 alitwaa taji la tatu mfululizo. Mwezi uliofuata baba yake aliuawa kwa risasi na waporaji alipokuwa ameegesha gari kando ya barabara kupumzika; mwili wake ulipatikana tarehe 3 Agosti. Tarehe 6 Oktoba Jordan alitangaza kuacha kikapu. Kuna uvumi usiokufa kwamba NBA ilimwadhibu kimyakimya kwa sababu ya kucheza kamari. Ligi ilifunga uchunguzi wake mwezi huohuo ikisema hakuvunja kanuni, na hakuna aliyewahi kuleta ushahidi wa hiyo adhabu ya siri. Alichosema mwenyewe ni rahisi zaidi: amechoka, na baba yake siku zote alitamani kumwona akicheza besiboli.

Mlango wa upendeleo

Tusifichane hapa. Bulls na timu ya besiboli ya Chicago White Sox zilikuwa za tajiri mmoja, Jerry Reinsdorf. Tarehe 7 Februari 1994 White Sox walimpa Jordan mkataba wa ligi za chini. Mtu mwingine yeyote wa miaka 31, ambaye hajashika gongo kwa ushindani tangu sekondari, asingepata hata majaribio. Kwenye kambi ya mazoezi ya Sarasota, Florida, waandishi walijaa kuliko wachezaji. Mwezi Machi jarida la Sports Illustrated lilimweka kwenye jalada likimtaka aache, na kudai kwamba yeye na White Sox wanaiaibisha besiboli. Jordan hakuwahi tena kulipa jarida hilo mahojiano.

Malalamiko yalikuwa na msingi. Kila nafasi kwenye kikosi ni riziki ya mtu, na kuna kijana mahali fulani aliyekosa nafasi ile. Hata hivyo upendeleo ule uligeuka mzigo, na ili kuuona lazima kwanza tuipande ngazi ya besiboli kuanzia chini.

Kijana akisajiliwa, awe na miaka 18 kutoka sekondari au 21 kutoka chuoni, hapelekwi Ligi Kuu. Huanzia ligi ya wanagenzi, akapanda Daraja A, kisha AA, kisha AAA, na mwisho, kwa wachache waliobahatika, Ligi Kuu yenyewe. Kila ngazi inaweza kumla mwaka mzima. Ngazi inayochuja watu hasa ni AA. Huko chini mrushaji anaweza kuishi kwa mpira wa kasi tu, na mpigaji akaishi kwa kuusubiri mpira huo mmoja. Ukifika AA unakutana na warushaji wanaoweza kukupinda mpira wakati wowote wanapotaka, hata pale unapokuwa na uhakika kwamba sasa unakuja wa kasi. Vijana wengi wenye vipaji huishia hapo.

Jordan alitupwa moja kwa moja AA. Sababu iliyotolewa ilihusu mazingira: viwanja vya madaraja ya chini visingehimili umati na waandishi waliomfuata kila aendako, wakati Hoover, kitongoji cha Birmingham, kulikuwa na uwanja mkubwa. Kwa biashara hilo linaeleweka. Kwa mwanafunzi ni sawa na kuruka madarasa matatu na kukalia mtihani wa taifa.

Aprili nzuri

Tarehe 7 Aprili, kabla ya msimu wa Barons kuanza, White Sox walimchezesha katika mechi ya hisani dhidi ya Cubs, timu nyingine ya besiboli ya Chicago, kwenye uwanja wao wa Wrigley. Alipiga mara mbili kati ya tano na kuleta mikimbio miwili, yaani pointi mbili. Mechi ikaisha 4-4. Kesho yake akaanza kazi yenyewe Hoover dhidi ya Chattanooga Lookouts, mbele ya watu 10,359. Katika zamu zake tatu rasmi hakupata kitu.

Baada ya hapo likatokea jambo ambalo wacheshi hulisahau. Mwezi huohuo wa Aprili alipiga vizuri katika mechi 13 mfululizo, na wastani wake ukapita .300. Aliyewahi kusimama na gongo mkononi, hata kwenye raundasi ya shule, anaweza kukisia ugumu wake, kisha auzidishe mara nyingi. Mrushaji yuko mita 18 na ushei, na mpira wa kilomita 145 kwa saa unamfikia mpigaji kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Ndani ya muda huo auone mpira, aamue na azungushe gongo. Kwa mtu aliyetoka likizo ya miaka 13, mechi 13 mfululizo zinahitaji maelezo zaidi ya bahati.

Nadhani maelezo ni mawili. Kwanza, macho na mikono yake vilikuwa vya mwanamichezo wa kipekee. Pili, warushaji walimjaribu kwa kasi, kwa kiburi tu: nani asingependa kuwasimulia wajukuu kwamba alimpita Jordan kwa mpira wa moja kwa moja?

Mpira unaopinda

Kiburi hicho kiliisha Mei. Habari husafiri haraka katika ligi ya chini, ambako makocha wa timu zote huandika ripoti za kila mpigaji, na ripoti ya Jordan ilikuwa fupi: mpe mpira wa kupinda. Akaanza kupiga hewa. Wastani ukaporomoka, na kufikia katikati ya msimu alikuwa akielea kuzunguka .200.

Tatizo lake lilikuwa la mwili na la muda kwa pamoja. Ana urefu wa sentimita 198, na eneo halali la kurushia hupimwa kwa mwili wa mpigaji, kwa hiyo warushaji walipewa dirisha refu la kulenga. Mikono mirefu inampa mpigaji nguvu akishajua kuitumia, ila pia hufanya njia ya gongo kuwa ndefu, na gongo lenye njia ndefu lazima lianze safari mapema. Mpigaji anayeanza mapema ameshajifunga: mpira ukipinda dakika ya mwisho hawezi tena kubadili nia. Dawa yake ni kuutambua mpira unavyozunguka mara tu unapotoka mkononi mwa mrushaji, na ujuzi huo hauji kwa misuli. Huja kwa kuona maelfu ya mipira. Wapinzani wake walikuwa wameiona tangu wakiwa na miaka 14. Yeye miaka hiyo alikuwa hewani Chicago akidaka pasi.

Kwa hiyo akaamua kuiona kwa nguvu. Mike Barnett, kocha wa upigaji wa Barons, alikuwa naye kwenye mazoezi asubuhi, tena mchana kabla ya mechi, na mara nyingine baada yake. Viganja vilichanika. Meneja wa timu alikuwa Terry Francona, mwenye umri wa miaka 35 tu, mtoto wa mchezaji wa zamani wa Ligi Kuu, na mtu asiyejulikana sana wakati huo. Miaka kumi baadaye Francona huyo ndiye aliyeiongoza Boston Red Sox kuvunja ukame wa miaka 86 bila ubingwa. Nani anajua, labda kuishi na msafara wa waandishi wa Jordan kulimwandaa kwa kelele za Boston.

Tarehe 30 Julai, karibu miezi minne tangu aanze, Jordan aliuvusha mpira uzio kwa mara ya kwanza, dhidi ya Kevin Rychel wa Carolina Mudcats. Alipokuwa akimalizia mzunguko alinyoosha kidole juu. Kesho yake ingekuwa siku ya kuzaliwa ya baba yake.

Sasa tazama jambo hili dogo. Kwa msimu mzima alivusha uzio mara tatu, na zote tatu ni kuanzia siku hiyo ya mwisho wa Julai. Miezi karibu minne sifuri, kisha mara tatu katika wiki chache. Mpigaji huvusha uzio anapoupata mpira kwa wakati wake, mbele kidogo ya mwili, na hilo ndilo hasa lililokuwa likimshinda Mei na Juni. Wastani nao ulipanda mwishoni. Mwanafunzi alikuwa akijifunza, tena mbele ya kamera.

Hesabu kamili

Mechi 127. Zamu rasmi, zisizohesabu besi za bure, 436, na kati ya hizo mapigo 88. Mapigo 67 yalimfikisha besi ya kwanza tu. 17 yalikuwa ya besi mbili, moja la besi tatu, na hayo matatu ya kuvusha uzio. Alileta mikimbio 51, akapewa besi ya bure (mrushaji akitupa mipira minne mibaya) mara 51, akatolewa kwa kukosa mipira mitatu mara 114. Aliiba besi 30, yaani alikimbilia besi inayofuata bila kusubiri mwenzake apige, na kunaswa mara 18. Kwenye ulinzi alifanya makosa 11.

Palipo na ubaya tuseme ubaya. Nguvu haikuwepo, maana mchezaji wa upande wa kulia hutarajiwa kupiga mbali, na mapigo yake zaidi ya robo tatu yalikuwa mafupi. Makosa 11 kwa mlinzi wa nje ni mengi. Na zile besi 30 zinazosifiwa mno zina doa: ukinaswa mara 18 kati ya 48, faida yako inaelekea kuisha, kwa sababu kila kunaswa kunaiua nafasi ambayo timu tayari ilikuwa nayo. Kasi alikuwa nayo. Kumsoma mrushaji ili kujua lini atimue mbio ni somo jingine alilokuwa ameanza tu.

Ila ziko namba mbili ambazo ningezipigia mstari kama ningekuwa msaka vipaji. Ya kwanza ni zile besi 51 za bure. Mtu aliyechanganyikiwa hapewi besi ya bure mara 51. Warushaji humwona anapiga kila kitu na hawahangaiki kumkwepa. Jordan alikuwa akijua kuuacha mpira mbaya. Ya pili ni kukosa mara 114 ambako mwaka 1994 kulionekana ni aibu. Ukijumlisha zamu zake zote, hizo ni kama asilimia 23, kiwango ambacho siku hizi ni cha kawaida kabisa katika Ligi Kuu. Besiboli imebadilika, na warushaji wa leo wana kasi zaidi, kwa hiyo silinganishi moja kwa moja. Ninachosema ni kwamba hakuwa kichekesho.

Baada ya msimu akapelekwa ligi ya vuli ya Arizona, kwenye timu ya Scottsdale Scorpions, tena chini ya Francona. Ligi hiyo hukusanya vijana wanaotarajiwa kupanda karibuni, kwa hiyo warushaji wake ni wateule. Alipiga .252. Kutoka .202 hadi .252 dhidi ya watu bora zaidi, katika miezi michache.

Basi na mishahara

Mshahara wa ligi ya chini ulikuwa takriban dola 850 kwa mwezi, na posho ya chakula safarini dola 16 kwa siku. Jordan hakuhitaji hata senti moja ya hizo. Reinsdorf aliendelea kumlipa mshahara wake wa kikapu. Wenzake ndio walioziishi. Hadithi inayorudiwa sana ni kwamba aliinunulia timu basi la kifahari. Hakulinunua, lililetwa na kampuni ya mabasi iliyoihudumia timu, na jina lake ndilo lililolileta. Safari za usiku kati ya Alabama, Tennessee, Florida na North Carolina alizikaa pamoja nao.

Watu 467,867 waliingia Hoover msimu ule. Birmingham haikuwa ngeni kwa walinzi wa nje wakubwa: Willie Mays, ambaye wengi humhesabu kuwa bora kuliko wote katika nafasi hiyo, alianzia Birmingham Black Barons mwaka 1948, enzi ambazo Weusi walikuwa na ligi zao kwa sababu za kibaguzi. Ila hata Mays hakuwahi kuijaza Alabama hivyo akiwa kijana. Barons wenyewe, pamoja na shamrashamra zote, walimaliza wakiwa na ushindi 65 na vipigo 74.

Kilichomrudisha kikapu

Wengi hudhani Jordan alirudi kikapu kwa sababu besiboli ilimshinda. Ukifuata tarehe, mambo hayaendi hivyo. Tarehe 12 Agosti 1994 wachezaji wa Ligi Kuu waligoma, wakipinga mpango wa wamiliki wa kuweka kikomo cha mishahara, na Septemba fainali za mwaka zikafutwa. Kufikia Februari 1995 mgomo ulikuwa bado unaendelea, na wamiliki wakaja na mpango wa kuanza msimu kwa wachezaji wa badala.

Wachezaji wa ligi za chini walijikuta pabaya. Hawakuwa wanachama wa chama cha wachezaji, hawakulipwa fedha za mgomo, na waajiri wao wakawataka wacheze mechi za mazoezi zenye kiingilio. Kucheza ni kuvunja mgomo wa watu unaotamani kuwa wenzako kesho; kukataa ni kumuudhi anayekulipa leo. Kijana wa miaka 23 anayetegemea dola 850 anaamua nini?

Jordan alikuwa na uhuru ambao wenzake hawakuwa nao, na aliutumia. Alikataa kuvunja mgomo, akaondoka kambini mwanzoni mwa Machi, na tarehe 10 akatangaza kuacha besiboli. Tarehe 18 Machi likatoka tangazo la maneno mawili kwamba amerudi, na siku iliyofuata akacheza dhidi ya Indiana Pacers akiwa bado na namba 45. Mgomo uliisha wiki mbili tu baada ya hapo, mwanzoni mwa Aprili. Ungeisha Januari, ninaamini tungemwona msimu wa pili kwenye besiboli.

Wale wa ligi ya chini walisubiri sana. Walijiunga na chama cha wachezaji Septemba 2022, na mkataba wao wa kwanza wa pamoja, wa 2023, ukapandisha kima cha chini cha AA kutoka dola 13,800 hadi 30,250 kwa mwaka.

Je, angefika?

Francona amekuwa akisema kwamba kama angepewa zamu elfu moja zaidi, Jordan angefika Ligi Kuu. Kocha humpenda mwanafunzi mwenye bidii, kwa hiyo maneno hayo yapunguzwe kidogo, lakini zamu elfu moja ni kama misimu miwili, na hilo ni makadirio ya mtu wa kazi.

Kipimo kizuri tulichonacho ni Tim Tebow, mchezaji nyota wa mpira wa miguu wa Kimarekani, naye mlinzi wa nje, aliyesajiliwa na New York Mets mwaka 2016 akiwa na miaka 29. Tebow alipandishwa taratibu: 2017 katika madaraja ya A, 2018 AA ambako alipiga .273 kwa mechi 84, na 2019 AAA ambako alianguka hadi .163. Akastaafu Februari 2021 bila kukanyaga Ligi Kuu. Yeye alikuwa na nguvu zaidi ya Jordan na alipewa ngazi zake zote. AAA, iliyojaa warushaji waliowahi kucheza juu, ndiyo iliyomzuia.

Kwa hiyo makadirio yangu ni haya. Mwaka 1995 Jordan angeanzia Nashville, timu ya AAA ya White Sox wakati huo, angehangaika hadi Juni kama alivyohangaika Birmingham, na angemaliza kwenye .220 au .230. Septemba, vikosi vya Ligi Kuu vinapopanuliwa, White Sox wangemwita, kwa sababu za kiingilio kama si za mpira. Angekaa benchi, angeingizwa kukimbia besi mwishoni mwa mechi, labda apate mapigo matatu au manne kabla ya Oktoba. Kuwa mchezaji wa kila siku wa Ligi Kuu, sioni. Angekuwa ameshafika miaka 33 au 34 wakati macho yake yanauzoea mpira wa kupinda, na umri huo ndio miguu ya mlinzi wa nje huanza kumdai.